Kwa Mkono Wako Mwenyewe

Barua ililetwa Jumatatu na dereva wa kiwanda, ndani ya bahasha ya kaki, na dereva mwenyewe hakutaka kuketi. Aliiweka juu ya meza ya chakula, akamwonyesha Mama Pacha pa kutia sahihi kwamba imepokelewa, akaondoka bila kumaliza maji aliyopewa. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, suruali ameivaa, shati likiwa wazi kifuani. Vifungo vilikuwa vimemshinda toka alipoamka na hakutaka kuita mtu.

Mama Pacha alimfunga vifungo kwanza, ndipo akamsomea.

"Unatakiwa kujieleza kwa maandishi, kwa mkono wako mwenyewe, kabla ya saa nne asubuhi siku ya Ijumaa, kwa nini usiachishwe kazi kwa kosa la uzembe uliokithiri. Suruali mia moja na ishirini za wauguzi zimekatwa mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Ukishindwa kujieleza, itahesabiwa kwamba huna la kusema."

"Nilikiona kisu kinahama," mume akasema. Siku hizi maneno yake yalitoka mazito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. "Nilikiona kabisa. Mkono ukakataa kukirudisha."

Kiwandani walimwita Fundi Makasi. Alikuwa mkata vitambaa, na kwa miaka kumi na tisa hapakuwa na sare iliyotoka pale bila kupita mikononi mwake. Alitandaza nguo tabaka sitini, akachora juu kwa chaki, akapitisha kisu cha umeme, na ile ya chini kabisa ikawa sawasawa na ile ya juu. Sasa mkono huo huo uliangusha kijiko.

Mke akamletea karatasi na kalamu. Kalamu ikaanguka. Akaiokota, akampa tena, ikaanguka. Mara ya tatu akamfungia vidole kwa mkono wake, na kalamu ikachora mstari uliotelemka mpaka ukatoka nje ya karatasi.

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Alikuja kumwuguza kaka yake miezi mitatu iliyopita, na tangu aje hakuwa ameuguza sana.

"Kaka yangu alikuwa anapiga mstari wa chaki bila rula," alisema, kama anauambia ukuta. "Sijui hii nyumba inamlisha nini."

"Inamlisha chai ya maziwa, wifi. Hiyo hiyo unayoinywa."

Wifi akatazama ndani ya kikombe, akanywa.

"Nikuandikie mimi," Mama Pacha akamwambia mumewe. "Wewe sema, mimi niandike."

"Meneja atajua si mwandiko wangu."

"Ataujuaje? Yeye mwalimu wako?"

"Mwandiko wangu anaujua kuliko unavyoujua wewe," mume akasema. Akageuza uso dirishani.

*

Jumanne walikwenda kuchukua majibu ya vipimo. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye kandambili chini ya meza na viatu vyake vya heshima pembeni. Alimtaka mgonjwa atoe ulimi, akautazama muda mrefu unavyochezacheza wenyewe, kama maji yanayotaka kuchemka. Alimgonga magoti kwa nyundo ndogo. Akambana nyama iliyokuwa imeingia ndani katikati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha akavuta kiti akaketi upande wao wa meza, na Mama Pacha akajua kwamba habari si njema.

"Kuna neva zinazobeba amri kutoka kichwani kupeleka kwenye misuli," daktari alisema. "Hizo ndizo zinazokufa. Akili yake haiguswi, macho hayaguswi. Lakini mikono, miguu, ulimi, mwisho pumzi. Dawa ya kuupunguza mwendo ugonjwa huu ipo. Ya kuurudisha nyuma haipo."

Mume aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekuwa anajua.

"Na mengine mtayaona," daktari akaendelea. "Anaweza kucheka pasipo na cha kuchekesha, au kulia. Kinakuja chenyewe, hakizuiliki. Msimwone amechanganyikiwa."

"Umemwingia kutoka wapi?" Mama Pacha akauliza.

"Kwa wengi hatujui. Wachache wanakuwa nao katika damu ya ukoo." Akamgeukia mgonjwa. "Kazini kwako kukoje?"

Mkewe akajibu badala yake. "Kazini kwake kuna meneja. Wafanyakazi wanamwita Bwana Jieleze. Mume wangu ana miaka kumi na moja hajalala usingizi wa kutosha. Anasaga meno mpaka mimi naamka. Jumapili ikifika jioni, anatapika, kwa sababu kesho Jumatatu."

Daktari akaacha kuandika. "Mwili wa mtu anayeishi kwa hofu unamwaga sumu ya hofu ndani yake. Siku moja, mbili, haidhuru. Ikiwa ni kila siku, miaka nenda rudi, wapo wataalamu wanaosema huenda inazichosha hizo neva, kama zilikuwa na udhaifu tangu mwanzo. Wapo wanaokataa. Bado wanachunguza."

"Basi andika. Andika kwamba ni yule mtu."

"Siwezi, mama."

"Si umesema mwenyewe sasa hivi?"

"Nimesema huenda. Ugonjwa nitauandika, maana nimeuona kwa macho yangu na vipimo ninavyo. Nitaandika pia kwamba ugonjwa huu huanza mkononi muda mrefu kabla mtu hajafika hospitali. Lakini 'huenda' nikiigeuza kuwa 'ndiyo' nitakuwa nimesema uongo, na watanigeuzia uongo huo dhidi yenu." Aliinamia meza. "Tafuta kitu kitakachoonyesha mkono ulianza lini. Sahihi za zamani, daftari, chochote alichoandika."

Mama Pacha aliibeba ile 'huenda' mpaka nyumbani.

*

Jumatano alikwenda kiwandani peke yake, kumwombea mumewe aruhusiwe kuandikiwa barua. Ofisi ya Bwana Jieleze ilikuwa na kioo kikubwa kinachotazama ukumbi wa cherehani, na juu ya meza kila kitu kilikuwa kimenyooka: kalamu nyeusi, kalamu nyekundu, mhuri, kidau cha wino. Kiti cha wageni kilikuwepo, lakini kilikuwa kimebeba majalada, na meneja hakuyaondoa.

"Kwa mkono wake mwenyewe," alisema kabla mama hajamaliza. "Huo ndio utaratibu. Nikiruhusu mke aandike, kesho ataandika jirani."

"Mikono yake haishiki kalamu, bwana. Daktari ameandika hapa."

Aliisoma barua ya daktari mpaka chini. "Hii ni ya jana. Suruali zimekatwa mwezi uliopita. Mwezi uliopita alikuwa mzima, hakuleta karatasi yoyote. Mama, mimi nakuhurumia, lakini mumeo alikuwa mzembe muda mrefu kabla hajawa mgonjwa. Mimi simwonei mtu, mimi nina kumbukumbu. Faili lake ni nene kuliko la mfanyakazi yeyote." Akapaza sauti kuelekea chumba cha pili. "Mama Masjala! Mtolee huyu mama kopi za faili la Makasi. Zote. Na ugonge mhuri wa nakala halisi kila ukurasa, wasije wakasema tumeghushi. Akajionee nyumbani ameolewa na mtu gani."

Aliyasema hayo mlango ukiwa wazi, na mafundi wa mstari wa mbele wakainamisha vichwa kwenye cherehani zao. Mama Pacha alisimama kwa muda wa saa mbili akisubiri mashine ya kopi, mkoba mkononi, kama mwanafunzi aliyetolewa darasani.

Mama Masjala alikuwa mtunza majalada, mwanamke wa karibu kustaafu, mkimya. Alimkabidhi furushi lililofungwa kwa utepe wa nguo. "Panga kwa tarehe, mdogo wangu," alisema chini chini. "Anza na ya kwanza. Mimi hupanga kwa tarehe."

*

Alhamisi mchana walizitandaza sakafuni, yeye na wifi yake, baada ya kusukuma viti ukutani. Zilikuwa barua mia mbili na kumi na nne, za miaka kumi na moja. Zote zilianza kwa neno moja.

*Ninajieleza kwa nini nilichelewa dakika nne.* *Ninajieleza kwa nini nilikwenda msalani mara ya pili kabla ya kengele.* *Ninajieleza kwa nini nilicheka wakati wageni wanapita.* Nyingine ilikuwa na neno moja limekatwa kwa wino mwekundu na pembeni mwandiko wa meneja: *Haijitoshelezi. Rudia.* Kisha barua ile ile tena, na tena *Haijitoshelezi. Rudia*, mpaka mara ya tano. Na chini ya kila barua, mhuri wa bluu: IMEONEKANA, na sahihi ya Bwana Jieleze.

"Wifi, sikiliza hii," dada wa mgonjwa akasema. "*Ninajieleza kwa nini nilimzika mama yangu siku ya kazi.*"

"Soma pembeni."

"*Haijitoshelezi.*" Akaishusha karatasi. "Mama yangu mimi. Haijitoshelezi."

Mama Pacha hakulia. Alikuwa amepiga magoti akitembea nayo kutoka mwaka hadi mwaka, na alikuwa ameacha kusoma maneno. Alikuwa anatazama mwandiko. Barua za mwanzo ziliandikwa na mtu ambaye mkono wake haukujua kukosea. Herufi zimesimama kama vifungo kwenye koti. Mwaka wa nane mkia wa sahihi ukakatika. Mwaka wa tisa duara za herufi zikawa hazifungi. Baadaye mistari ikaanza kutelemka kulia, kila barua zaidi kidogo, wino ukififia kwa kukosa nguvu ya kukandamiza. Barua ya miaka miwili na nusu nyuma ilisema: *Ninajieleza kwa nini mkono wangu ulitetemeka mbele ya mkurugenzi.* Na chini, mhuri. Imeonekana.

Akaenda chumbani. "Baba Pacha. Miaka yote hii hukuniambia."

Mumewe alichukua muda kuyakusanya maneno. "Ningekuambia," alisema, "ningekuwa na barua hizo hata huku nyumbani."

Wifi alikuwa amekuja nyuma yake, barua ya mazishi mkononi. "Wifi, huyu mtu tumfanye nini? Mimi nina mikono miwili mizima na sina kazi kesho."

"Wewe utanibebea furushi," Mama Pacha alisema. "Na usinywe chai kabla hatujarudi."

Alfajiri ya Ijumaa alisali kama kawaida yake, akawaombea watoto, akamwombea mume. Kisha akamtaja yule mtu kwa jina lake la kuzaliwa, asije Mungu akakosea. Akaomba mkono wake wa kulia ukauke, uanzie kwenye kidole gumba.

*

Saa nne kasorobo walikuwa kiwandani. Fundi Makasi alitembea katikati ya wanawake wawili, mguu wa kushoto ukiburuta. Katika ofisi ya kioo alikuwepo mwenye kiwanda mwenyewe, mama mzee mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, ambaye kila mtu alimwita Mkurugenzi. Hakuwa mtu wa huruma wala wa ukatili. Alikuwa mtu wa saa, na aliitazama mara mbili kabla hawajaketi.

"Barua ya kujieleza," Bwana Jieleze akasema, na kunyoosha mkono.

"Ameshaandika," Mama Pacha alijibu. "Ameandika mia mbili na kumi na nne. Hii meza haitoshi. Naomba meza yake ya kukatia."

Meneja akacheka kidogo. "Mama, hapa si sokoni."

"Ni kopi zako mwenyewe, bwana. Umezigonga mhuri."

Mkurugenzi alivaa miwani, akatazama furushi, akasimama. "Meza ipo wazi. Fanya haraka."

Meza ya kukatia ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili, katikati ya ukumbi. Wale wanawake wawili walizitandaza barua kwa safu nne, tarehe kwa tarehe, na kuzishikiza kwa vyuma vya kukandamizia nguo. Cherehani za mstari wa mbele zikanyamaza, kisha za pili, kisha ukumbi mzima, bila yeyote kuamriwa.

"Usisome, mama," Mama Pacha akamwambia Mkurugenzi. "Tazama mwandiko tu. Tembea nao."

Mkurugenzi alitembea. Alikwenda safu ya kwanza mpaka mwisho, akarudi na ya pili, na hatua zake zilisikika juu ya saruji. Kwenye safu ya tatu alipunguza mwendo. Kwenye ya nne alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, akainama. Mama Pacha akampa barua ya daktari, naye akaisoma hapo hapo kwa kusimama.

"Alianza kuumwa lini?" aliuliza.

"Hakuna anayejua," Bwana Jieleze alisema haraka. "Mimi si daktari, Mkurugenzi. Siwezi kulaumiwa kwa ugonjwa wa mtu. Hata huyo daktari hajaandika kwamba ni kazi iliyomuumiza."

"Hajaandika," Mama Pacha akasema. "Nilimwomba akakataa. Alisema huenda. Nami nimekuja na huenda mia mbili na kumi na nne, na bado sikulaumu kwa ugonjwa. Kwa ugonjwa yupo Mwenye kujua. Mimi nakuuliza kitu kidogo tu." Aliweka kidole kwenye mhuri wa bluu. "Hapa panasema nini?"

Bwana Jieleze akageukia kioo cha ofisi yake.

"Mimi nimeishia darasa la saba, huenda nasoma vibaya. Nisomee."

"Imeonekana," akasema mtu mwingine. Alikuwa Mama Masjala, amesimama mlangoni na kalamu nyuma ya sikio.

"Imeonekana," Mama Pacha akarudia. "Na hii? Imeonekana. Na hii, ambayo mstari umeanguka kama mtu aliyesukumwa? Imeonekana, na sahihi yako. Mimi niliyelala naye sikuona. Wewe uliona kila mwezi. Ukamrudishia kisu cha umeme mkononi, kisha ukamwita mzembe."

Mkurugenzi alivua miwani. Alikuwa anafikiri, na watu waliomjua waliona kwamba anafikiria mahakama. "Neno uzembe lifutwe," alisema. "Anaondoka kwa ugonjwa, na haki zote za mgonjwa. Nitatia sahihi leo. Umeridhika, mama?"

"Kwa hilo, Mungu akubariki. Lipo moja." Mama Pacha akamgeukia meneja. Aliutazama mkono wake wa kulia, mnene, mzima, wenye pete. Alfajiri ya leo aliutakia kukauka. Sasa alimshukuru Mungu kwa kutomsikiliza, kwa maana alikuwa na kazi nao. "Ajieleze. Kwa maandishi. Kwa mkono wake mwenyewe."

Bwana Jieleze alimtazama Mkurugenzi, akitegemea neno. Mkurugenzi alitazama saa.

"Una mpaka kengele ya mchana," alisema. "Keti."

Aliketi kwenye stuli ya mkata vitambaa, ambayo ilikuwa ndefu kwake, miguu ikaning'inia. Wifi alimsogezea karatasi kwa ncha ya kidole, kama anayesogeza kitu kilichooza. Akaandika. Alipomaliza alimpelekea Mkurugenzi, naye akamwelekeza kwa kidevu kwa mke wa mgonjwa.

Mama Pacha aliisoma polepole, midomo ikicheza. *Ninajieleza kwamba nilifuata taratibu za kiwanda na sikuwa na nia mbaya.* Alinyoosha mkono, akachomoa kalamu nyekundu kutoka mfuko wa shati la meneja mwenyewe. Akaandika pembeni, kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi: *Haijitoshelezi. Rudia.*

Nyuma ya cherehani mtu alikohoa kuficha kicheko.

Ya pili ilikuwa ndefu, imejaa pole na masikitiko. Hiyo nayo akairudisha. Kwenye ya tatu jasho lilidondoka juu ya karatasi na kuchafua wino, na mkono wenye pete ulikuwa unatetemeka. Mama Pacha aliuona ukitetemeka, akautazama kwa utulivu mpaka ulipomaliza.

*Ninajieleza kwamba niliona mwandiko wake unaharibika. Niliona toka mwaka wa nane. Nikaendelea.*

"Mhuri," Mama Pacha alisema.

Mama Masjala alikuwa ameshauleta. Mama Pacha aliutia wino, akauweka katika kiganja cha mumewe. Vidole havikufunga. Fundi Makasi alitazama karatasi kama alivyokuwa akiitazama nguo kabla ya kukata, akaushika mhuri kati ya vifundo viwili vya mikono, akaegemea kwa uzito wa kifua chake chote. Alipoinuka, neno lilikuwa limekaa upande, lakini lilisomeka.

Ndipo alipocheka. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, kirefu, mabega yakitikisika, machozi yakimtelemka, na hakikukoma hata alipojaribu kukifunika. Mafundi walitazamana. Wifi akamshika mkono na kumuuliza mkewe kwa macho kama ni ule ugonjwa. Huenda ulikuwa ugonjwa.

Mama Pacha hakuuliza. Alizikusanya barua kwa tarehe, akafunga utepe. Ile ya tatu akaisoma mara nyingine, akaandika pembeni kwa wino mwekundu neno moja, *Haijitoshelezi*, akamwekea Bwana Jieleze mbele yake. Kengele ya mchana ikalia.

"Umeandika tatu," alimwambia. "Zimebaki mia mbili na kumi na moja. Jumatatu nitakuja kuangalia."

Akaifunika kalamu nyekundu, akaitia katika mkoba wake, akamshika mumewe wakatoka.